Habari ya Siku Tatu

Kila mardi, ile Jumanne ya safari, asubuhi Ruphin akipiga kick ya moto yake, pikipiki ya kubebea mizigo, mbele ya dépôt, kichwa ya Kavugho inapanda nyuma yake na inaenda. Mwili tu ndiyo inabaki. Inabaki nyuma ya comptoir ya papa yake, katikati ya mifuko ya mchele na cartons ya sabuni, inapokea watu, inajibu “ndiyo maman, iko, ngoja kidogo”, lakini yeye mwenyewe ameshapita Kabondo, ameshapita uwanja ya ndege ya Bangboka penye ndege moja imesimama peke yake juu ya majani kama yenye kusahau ilikuwa inaenda wapi. Kisha pori inaanza. Miti inashikana vichwa juu ya barabara, mwanga inakuwa ya kijani kama chini ya maji, na ndani ya simu ya Ruphin zile barres ya réseau zinaanguka moja moja: nne, tatu, mbili, moja, hakuna. Pale penye hakuna, ndipo kazi ya Kavugho inaanza.

Kazi yenyewe inaingia ndani ya kadi. Kadi mémoire, ile kidogo kama ukucha, yenye watu wanachomeka ndani ya simu ao ndani ya redio ya Kichina. Kavugho iko nazo kumi na mbili kwa kila safari. Kila lundi, siku moja mbele ya safari, anafunga dirisha ya chumba yake, anajifunika pagne mpaka juu ya kichwa ili kelele ya mutaa isiingie, anashika simu karibu na mudomo, na anaongea dakika sita: habari ya Kisangani. Sita tu. Alishajaribu kumi, lakini Ruphin alimuambia kwa dakika ya saba watu wanaanza kutafuta musiki. Kisha anakopi ile sauti ndani ya kadi zote, Ruphin anazitia ndani ya boîte ya maziwa ya poudre, na boîte inachukua njia ya Bafwasende. Moja inabaki kwa mwenye kuchajia watu simu, moja kwa maman wa restaurant, moja kwa infirmier mwenye kutibu watu, ingine kwa watafutaji wa dhahabu. Kule wanapitishana, simu kwa simu, mpaka ndani kabisa, penye hata moto haifiki. Vendredi, nyuma ya siku tatu, Ruphin anarudi na zile kadi za wiki ya nyuma.

Papa Ignace, papa yake, haelewi kitu. “Nilikulipia miaka tano ya université,” anasemaka, “ili uongee ndani ya nguo.”

Ni kweli, kwenye fac walimufundisha ingine. Walimufundisha kama habari iko kama beignet, ile andazi, ukichelewa nayo hakuna mutu anataka. Wenzake wote walielewa. Leo wako kwenye Facebook na TikTok; mutu akigongwa kwa rond-point, penye barabara zinakutana, mbele asimame, wameshafungua live, na watu elfu tatu wako wanatuma vile vichwa ya manjano yenye kulia. Kavugho anawaangalia na anawapenda, hata yeye alishafanya live mbili. Lakini yake inafika nyuma ya siku tatu, na mvua ikiharibu barabara, nyuma ya siku tano. Ilipashwa kuwa kama kwanga, ule mukate wa muhogo: unafunga vizuri ndani ya majani, unatuma, na mwenye kufungua anakuta ingali chakula. Kwa hiyo alianza kujiuliza, mbele ya kila neno, kama ile neno itakuwa ingali kweli juu ya meza ya mutu kule mbali, siku ya nne, wakati wa jua kali. Ajali ya rond-point, hapana. Bei ya sabuni, ndiyo. Examen ya masomo ya infirmiers, tarehe na karatasi zenye kuomba, ndiyo, mara mbili, polepole. Mwanamuke wa Mangobo mwenye kuzaa watoto watatu siku moja, hakuna mutu anahitaji kuijua, lakini Kavugho hakuweza kuikalia, aliitia.

Na kwa mwisho, wenye kutafutana. Hapo ndipo maman Philomène aliingia.

Maman Philomène ni wa Wagenia, wavuvi wa kwenye chute, penye maji ya fleuve, ule mto mukubwa, inaanguka. Kila samedi anapandisha samaki kwa soko, na akimaliza anapita kwa dépôt na bassin tupu juu ya kichwa. Mutoto wake Josué alienda upande wa Bafwasende, miaka mbili sasa, na hakutuma neno. Miezi munane Kavugho anasoma: “Maman Philomène wa Wagenia anamutafuta mutoto wake Josué. Ni murefu, iko na alama ya kuungua kwa mukono ya kushoto. Mutu akimuona amuambie mama yake iko muzima, na anamungoja.” Kila samedi yule mama anashusha bassin, anakaa, anauliza neno moja tu. Haulizi kama walimuona. Anauliza: “Alisikia?”

“Bado, maman.”

“Sawa. Soma tena.”

Na Kavugho anasoma tena.

Bon, mwezi ya sita ya huu mwaka, Chef Anselme akamuita. Chef Anselme, mwalimu wa université, ndiye anaongoza mémoire yake ya mwisho, ile kitabu ya kumaliza masomo, na mémoire yenyewe ni juu ya hizi kadi: namna habari inatembea penye réseau haitembei. Ni mutu mwembamba, mwenye cravate shingoni hata kwa joto, mwenye kupenda chiffres, namba namba, kuliko chakula.

“Mademoiselle Kavugho, nimesoma. Unaandika vizuri, hata mingi. Lakini ndani ya ukurasa makumi saba na mbili, sikuona musikilizaji hata mumoja.”

“Wako, Chef.”

“Wako wapi? Facebook inahesabu. YouTube inahesabu. Hata redio ya paroisse, watu wanapiga simu, wanaomba wimbo. Kadi yako inahesabu nini?”

“Kadi haihesabu, Chef. Kadi inapita.”

“Hata mafua inapita.” Akafunga mémoire, akaisukuma kidogo kwa kidole. “Mwenye kusema niko namuona. Anasema sana. Mwenye kusikia iko wapi? Walimu wa jury watakuuliza kama hauongei peke yako. Niletee musikilizaji. Mumoja tu, lakini wa kweli.”

Alirudi nyumbani juu ya toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, amekaa nyuma ya ile kinga na miguu upande moja, na haikumuuma mara moja, juu Kavugho vitu vinamuumaka polepole. Mwenye kinga alikuwa anapiga soga na mwenzake. Jua lilikuwa linashuka upande ya fleuve na kila kitu ilikuwa na rangi ya mafuta ya mawese: kuta, mbuzi, watoto wa shule. Akaona kichwani zile kadi zake kumi na mbili zimetundikwa ndani ya muti mukubwa kama popo, kila moja inaongea na sauti yake, bei ya sabuni, bei ya sabuni, Josué, Josué, na chini ya ule muti hakuna mutu, ni majani tu. Akamuuliza mwenye kinga: “Papa, weye ukisikia mutu anaongea ndani ya kadi, utajuaje kama iko anaongea na weye?”

“Nitamujibu, tutaona,” akasema yule, na akapiga kengele juu ya mbuzi.

Vendredi, Ruphin akarudi. Matope ilikuwa mpaka shingoni. Akakaa juu ya mufuko ya mchele, Papa Ignace akamutoa pale, akakaa juu ya ingine. Kavugho alikuwa tayari na ordinateur, kompyuta yake, juu ya comptoir, anafanya yenye anafanyaka kila vendredi: anachomeka kadi, anafomate, ni kusema anafuta yote, anatoa, anachomeka ingine. Mbele ya yote, kufomate. Kisangani yote inajua kama kadi yenye kutoka nje iko na virus. Virus moja ilishakula simu ya Papa Ignace na namba ya wateja yote mpaka Butembo, na tangu ile siku kadi ikiingia ndani ya ile nyumba haifunguliwi, haiangaliwi. Inafutwa safi, kama mutu anavua viatu kwa mulango.

“Ya Ruphin, nikuulize. Kule, watu wanasikiaka kweli?”

“Wanasikiaka nini?”

“Miye.”

Ruphin akamutazama kama mutu mwenye kuulizwa kama mvua inalowanishaka. “Watoto kule wanaigaka namna unasema ‘bonjour wote wa njia’. Infirmier alipata mutoto mwanamuke, akamupa jina yako. Na yeye si wa kabila yako, si Munande hata kidogo.”

Kavugho akacheka, joto ikamupanda mpaka kwa masikio. Akafomate ya nane. “Alafu hamuniambii.”

“Tukuambie nini tena? Wanakuambia wenyewe.” Akanywa maji, akafuta mudomo. “Ila, kusema kweli, wanasema uko na maringo.”

“Maringo gani?”

“Hauwajibu. Watu wanakuongelesha kila wiki, weye mardi unaanza na sabuni yako kama hakuna mutu alisema kitu. Miye ninakuteteaka. Ninasema, acheni, ni mutu wa université, wako vile.”

Ya tisa ilikuwa imeisha kufutwa. Kidole yake ikabaki juu.

“Wananiongelesha wapi, ya Ruphin?”

“Ndani ya kadi.”

“Kadi gani?”

“Kadi yako. Wanaitia ndani ya simu, wanasikiliza, wakimaliza wanarekodi yao, wananirudishia. Ulifikiri ninakubebea zile kadi zenye kutumika juu ya nini?”

“Juu ya kadi,” Kavugho akasema.

Papa Ignace alikuwa anaangalia tangu pale nyuma. 

Tatu zilikuwa zingali juu ya kitambaa. Kavugho akatia ya kwanza na akaogopa, akaogopa kama mutoto mbele ya sindano, kisha akafungua. Virus haikuwamo. Kulikuwa ile sauti yake, na chini yake sauti ingine fupi, yenye tarehe ya mercredi. Infirmier: “Kavugho, merci kwa ile ya examen. Swali moja: karatasi ya kuzaliwa, photocopie inatosha? Mutoto anakusalimia, anaanza kutambaa.” Ndani ya pili, watoto wengi sana, wanasema “bonjour wote wa njia” wakicheka mpaka mumoja akaanza kukohoa. Ndani ya tatu, mwanamuke, na nyuma yake sahani zinagongana.

“Kavugho, ni miye tena, maman Pélagie wa restaurant, kilomètre mia moja na makumi munane. Sitakawia, mikono iko na chumvi. Ni neno ya Josué. Alikujibu mara ya kwanza, ukanyamaza. Akajibu ya pili. Ya tatu nilimusukuma miye, nikamuambia labda kadi ilianguka. Sasa hataki tena. Anasema mama yake alisikia na hataki kumujibu, na kama hataki, ni haki yake. Weye kila wiki unamuita upya kama umemujua leo. Watu wanaanza kumucheka. Tafazali, mama yake amujibu. Ao weye uache kumuita.”

Sahani ziligongana tena, na ikaisha.

Mutu akaingia kununua chumvi. Kavugho akamupa sukari, akachukua tena, akamupa chumvi. Kila kitu ndani ya dépôt ilikuwa imeenda mbali kidogo, kama inaonekana kupitia chupa. Alihesabu: miezi munane, wiki makumi tatu na nne, kadi kumi na mbili. Alikuwa amekaa hapa, na kahawa yake, na miguu yake juu ya carton, na kwa kidole moja alikuwa anazima watu.

Akaokota kadi zote, akaenda kwa Bavon.

Bavon anatengenezaka simu karibu na marché central, chini ya parasol, mwavuli mukubwa ya bluu, na meza yake iko imejaa matumbo ya simu. Anajulikana kwa mambo mbili: anaweza kufufua kitu yoyote, na hawezi kufanya kitu bila kukucheka kwanza. Akamusikiliza, akatoa lunettes kwa macho.

“Donc, mwanamuke wa habari anafuta habari.”

“Bavon, cheka haraka, nisaidie.”

“Kufomate haifutaki vizuri. Unafuta jina juu ya mulango, lakini mwenye nyumba angali ndani analala. Shida ni moja. Nyuma yake uliweka mupangaji mupya?”

“Kila wiki.”

“Eh. Basi tutakuta watu wamelala juu ya watu.” Akachomeka kadi ya kwanza ndani ya ordinateur yake. Barre ndogo ya kijani ikaanza kutembea, polepole kama pirogue yenye kupanda maji. “Rudi kesho saa nne. Na usifomate kitu njiani.”

Kesho yake ilikuwa samedi. Mbele ya saa nne, maman Philomène akafika, bassin juu ya kichwa, magamba ya samaki ingali inang’aa juu ya mikono. Akashusha, akakaa.

“Alisikia?”

Kavugho alikuwa ameandaa maneno mingi sana. Alikuwa amefanya hata introduction. Yote ikatoka kichwani.

“Alisikia, maman. Tangu zamani. Akakujibu mara tatu. Miye nilifuta.”

Yule mama hakuelewa mara moja, ao alielewa na alitaka kupewa wakati. “Ulifuta namna gani?”

“Na kidole. Sikujua kama kulikuwa mutu ndani. Nilikuwa naogopa virus.”

“Mara tatu?”

“Mara tatu. Na sasa anafikiri ni weye hautaki.”

Maman Philomène akaangalia barabara. Camion ikapita na vumbi yake, vumbi ikaanguka, na alikuwa angali anaangalia pale pale. “Miaka tano unasoma hii kazi,” akasema, bila kupandisha sauti. “Hawakukufundisha kusikiliza mutu?”

“Walinifundisha kusema, maman.”

“Iko hai?”

“Iko hai. Kuna mama mwenye kumuona. Na fundi iko anatafuta sauti yake, lakini sijui kama atapata.”

Akasimama, akaacha bassin pale kwa mulango. “Twende kwa fundi.”

Chini ya parasol ya Bavon, barre ya kijani ilikuwa imefika mwisho. Hakucheka. Akawapa kila mutu tabouret ya kukalia, akaweka baffle ndogo, chombo ya kutoa sauti, katikati ya meza, akasema: “Nimepata vipande makumi ine na moja. Hakuna hata moja yenye kichwa na miguu. Sikilizeni tu.”

Na wakasikiliza. Soko ilikuwa inapiga kelele pande zote, wauza pondu, majani ya muhogo, wauza megas ya internet, mutu na mégaphone ya dawa ya panya, lakini pale chini ya ile nguo ya bluu kulikuwa kama chumba. Mvua ikanyesha ndani ya baffle, mvua ya pori, juu ya majani, si juu ya manjanja, mabati ya muji. Mwanamuke akacheka katikati ya kicheko yenye mwanzo ilikufa. Mutu akahesabu, “dix-sept, dix-huit,” akasimama. Kisha Kavugho akasikia sauti yake mwenyewe ya mwezi ya tatu, “bei ya sabuni imepanda tena,” na katikati ya neno ikageuka mwanaume muzee mwenye kusema “hata hapa, mutoto wangu, hata hapa, lakini tunakogea majivu.” Alikuwa amemujibu. Wiki moja tu nyuma, bila haraka, kama watu wawili wenye kukaa juu ya banc moja. Mwingine akauliza: “Kavugho, weye ni mutu mudogo ao mukubwa? Hapa tulibishana.” Kwaya ikaimba nusu ya amen. Mutu akaomba wamutafutie bibi yake wa ndoa kule Mangobo, akataja jina, na jina ikakatwa katikati. Ndege wakalia. Ilikuwa kama kupita na moto usiku mbele ya nyumba zenye milango wazi. Unaona kila moja kidogo, taa, meza, mukono, na imeshapita.

“Hii,” Bavon akasema polepole. “Makumi tatu na sita.”

“Mama. Ni miye.” Sauti ya kijana, inapumua. “Nilisikia wanasoma jina yangu, nikasema aa, basi iko hai. Niko hapa kwa maji. Mama, ile siku nilisema—” Na ikakatika, na sauti ya Kavugho ikaanguka juu yake: “infirmiers, karatasi ni nne.”

Sekunde kumi na nne. Kavugho akajiangalia miguu. Kati ya maneno yote ya ulimwengu, alimufunika yule kijana na karatasi ine.

“Rudisha,” maman Philomène akasema.

Bavon akarudisha. Mara ya pili yule mama akafunga macho. Mara ya tatu akainua mukono.

“Acha maneno. Kule nyuma yake, nini inagonga?”

Bavon akapandisha sauti. Nyuma ya Josué, kweli, kulikuwa kitu yenye hakuna mutu alisikia: tok, tok, tok, kisha pumzi. Tok, tok, tok, pumzi.

“Ni kamba,” maman Philomène akasema. “Anapiga kamba ya pori juu ya jiwe, ili ilegee, ya kufunga nasse, ule mutego ya samaki. Mara tatu, unapumua, unageuza. Wengine wanapiga mara mbili. Mara tatu ni kwa papa yake tu.”  Kisha mabega yake ikaanza kutikisika, na Kavugho akafikiri analia, lakini alikuwa anacheka, ndani kwa ndani, bila sauti. “Aliapa mbele ya watu hatashika tena nasse maisha yake yote. Alimuambia papa yake: mikono yenu inanuka samaki hata kanisani. Akaenda kwa dhahabu. Ndiyo ile siku anasema.” Akapangusa macho na mukono wenye magamba. “Na anapiga kamba mbichi. Itakatika.”

“Maman, unasikia kama iko mbichi?” Bavon akauliza.

“Weye si unashika simu unajua betri imevimba? Basi.” Akasimama. “Nataka kumujibu.”

“Ruphin anaenda mardi, maman,” Kavugho akasema.

“Aende mardi. Miye nitaongea leo.”

Wakarudi. Kavugho akafunga dirisha ya chumba, na wote wawili wakaingia chini ya pagne, kichwa kwa kichwa, ndani ya ile giza ya rangi ya machungwa yenye maua ya nguo. Kulikuwa na joto, na harufu ya samaki na ya fleuve, na kwa Kavugho ilikuwa kama kukaa ndani ya ganda ya kitu yenye kupumua. Akaweka karatasi yake ya habari juu ya magoti: sabuni, bateau, meli ya Kinshasa yenye kufika, photocopie inatosha ao haitoshi, wapi wanachanja watoto. Akagusa kifungo nyekundu.

“Bonjour wote wa njia,” akasema, na sauti yake ikatoka ndogo. “Ni Kavugho. Mbele ya yote: miezi munane mulinijibu, na miye nilifuta bila kusikiliza. Niliogopa virus. Hakuna mutu mwingine mwenye kosa, hata Ruphin. Papa wa majivu, nilikusikia leo tu. Weye mwenye kutafuta bibi yako kule Mangobo, rudia jina. Miye ni mudogo, niko na miaka makumi mbili na ine. Na Josué, mama yako hakusikia, juu yangu. Amesikia leo. Iko hapa.”

Akasukuma simu kwa mudomo ya yule mama.

Maman Philomène akaanza na kamba. Akamuelezea mutoto wake namna ya kuiacha siku mbili kivulini, kisha kuitia maji, na kama kamba ya pande zile ni nyembamba afunge mara mbili kwa shingo ya nasse, si mara moja. Akaingia kwa muguu ya papa yake, yenye kupona. Kwa maji ya mwaka huu, yenye kupanda mapema na kubeba miti mbili ya kutegea samaki ya baba mudogo. Kwa jirani mwenye kuoa. Juu ya ile siku na ile kiapo hakusema kitu. Alisema tu kama papa yake akisikia ile tok tok tok, atajifanya kukasirika mpaka jioni. Kavugho aliona dakika ya sita inapita juu ya kioo, na ya saba, ile ya musiki. Karatasi ya habari ilikuwa imelowana jasho juu ya magoti yake, neno ya bateau ilikuwa inaanza kuyeyuka. Alifikiri kidogo juu ya Chef Anselme, mwenye kuomba musikilizaji mumoja. Ukurasa makumi saba na tatu itapashwa kusema nani aliwazima wale wengine, na ataandika yeye mwenyewe. Kisha akaacha kufikiri, juu yule mama alikuwa anaelezea namna walikula lituma, ndizi ya kuponda, siku ya dimanche na sahani ya Josué walimupa mugeni, na ilikuwa tamu kusikiliza.

Kwa dakika ya tisa, maman Philomène akasimama. Akaangalia simu katika ile giza ya machungwa.

“Iko anasikia sasa?”

“Hapana, maman. Siku tatu. Mvua ikinyesha, tano.”

“Aa. Sawa.” Akavuta pumzi, akajipanga vizuri juu ya kitanda. “Basi acha niendelee.”

Kavugho akahamishia simu kwa mukono ingine, juu ile ya kwanza ilikuwa inaanza kufa ganzi.